Nukta Kumi na Moja

Majirani walipomuuliza Symphorien binti yake anafanya kazi gani mbele ya kompyuta siku nzima, alikuwa na jibu moja tu: "Anapaka rangi ukuta zenye haziko." Mzee huyu alimaliza miaka thelathini na miwili chini ya ardhi, akitegemeza mapango ya mgodi kwa magogo ili yasiangukie watu. Kwake yeye ukuta ni kitu kinachoweza kukuua. Huo wa kompyuta haujawahi kumuua mtu, kwa hiyo hakuuhesabu.

Keren alikwishachoka kumweleza. Kazi yake ni kutengeneza ile sura inayokaa nyuma ya maandishi kwenye kurasa za mtandao, ambayo hakuna mtu anayeiangalia: mbao, kitambaa, udongo, jiwe. Hatengenezi ukuta mzima. Anatengeneza karo moja ndogo, yaani kigae, na kompyuta yenyewe inaipanga kulia na kushoto, juu na chini, mpaka kioo kijae, kama fundi anayepiga karo sebuleni. Ugumu uko mahali pamoja tu: mshono usionekane. Ukingo wa kulia uungane na wa kushoto, wa juu na wa chini. Marehemu mama yake, Albertine, fundi wa nguo, aliliita jambo hilo rakori. Mama yule alikuwa radhi kuharibu nusu mita ya kitambaa cha kikwembe kuliko kumpa mteja gauni ambalo ua lake limekatika ubavuni. Keren aliurithi mkono huo. Na kiburi chake alikirithi pia, tusifichane.

Alikuwa na desturi moja. Karo ikiisha kukamilika na kukabidhiwa, aliifuta picha ya mwanzo ambayo karo ilikatwa humo. Alisema ni kwa sababu kompyuta yake ya mtumba haina nafasi, lakini ukweli ni kwamba hakupenda picha yenye kasoro ibaki karibu na kazi yake safi. Karo ya shimo la madini la binamu yake Mwansa, kwa mfano, ilimtoa jasho mwezi uliopita. Sasa ilikuwa inapamba ukurasa wa kwaya ya parokia, watu wanaisifu, na picha yake ya mwanzo haikuwepo tena popote duniani.

Jumatano hiyo ya mwezi wa tisa umeme ulikatika tangu alfajiri. Betri ya kompyuta ilikuwa na asilimia thelathini na nne. Ukurasa wa ushirika wa wachimbaji wa Kambove ulitakiwa utangazwe saa sita mchana, maana mnunuzi wa madini alikuwa anafika saa nane, na mkubwa wa ushirika, Constantin, alitaka amwonyeshe kwenye simu kwanza, shimo baadaye. Nyuma ya majina ya wachimbaji Keren alikuwa ameweka ukuta wa shimo lao wenyewe, jiwe jeusi lenye mistari ya kijani ya malakiti, madini ya shaba. Mdogo wake, Fils, ambaye ndiye kiongozi wa timu ya shimo hilo, alimpigia picha siku ya Jumatatu.

Saa nne na nusu kazi ilikuwa imekwisha. Na mtu akimaliza kazi nzuri, hata kama ana miaka thelathini na sita, anataka baba yake aione.

"Papa, kuya uone!"

Symphorien alikuja na kikombe chake cha chai. Aliangalia. "Muzuri," alisema. "Mustari inafwatana."

Angenyamaza hapo Keren, angekunywa na yeye chai yake. Lakini "muzuri" moja haikumtosha. Akaifungua picha ya mwanzo, akaiagiza kompyuta iipange vivyo hivyo bila kuisafisha, ili mzee aone binti yake ameitoa wapi na kuifikisha wapi. "Sasa angalia vile ilikuwa mbele!" alisema, akicheka. Kimstari cheupe kilichokuwa pembeni mwa picha kilijirudia mara arobaini, kikashuka kwenye kioo kama ngazi.

Mzee hakucheka. Aliweka kikombe juu ya karatasi za Keren bila hata kutazama anaweka wapi.

"Hii ulipata wapi?"

"Ni ile ile, Papa. Ni ukuta ya Fils. Kulikuwa kamustari kabaya, nikakafuta."

Symphorien alivaa miwani, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kisha akaweka kidole juu yake, jambo ambalo Keren hulichukia kuliko yote.

"Keren. Hii si mustari. Hii ni ufa. Angalia mukati yake. Ufa ya zamani iko na vumbi mukati. Hii iko mweupe, ilifunguka juzi juzi." Kidole kikasogea kwenye utepe wa kijani. "Na hii kijani, unaiona? Huku iko juu, huku iko chini. Jiwe imeshuka."

Keren aliutazama utepe. Hakuhitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu jambo hilo aliliona yeye mwenyewe Jumatatu jioni. Utepe wa malakiti ulitoka kushoto vizuri, ukafika kwenye kimstari, na ng'ambo ya pili ukaendelea chini kidogo. Rakori ilikuwa imevunjika. Na yeye, fundi, mtoto wa fundi, alidhani mkono wa Fils ulitetemeka. Akaushika upande wa kulia, akaupandisha nukta moja moja, vile vitone vinavyojenga picha, mpaka tepe mbili zikakutana. Akafurahi mpaka akaimba.

"Kumi na moya," alisema.

"Kumi na moya nini?"

"Nukta. Nilipandisha jiwe nukta kumi na moya. Ku ukuta yenyewe, Papa, ni upana ya kidole."

Symphorien alikaa chini. Sauti ilimtoka ndogo. "Bantu ngapi beko mu shimo?"

"Tisa. Fils njo wa tisa."

"Batoke. Sasa hivi, batoke!"

Kusema ni rahisi. Kutoka Lubumbashi walikokuwa mpaka Likasi, na kutoka Likasi mpaka Kambove, hata upate dereva mwenye wazimu, ni mwendo wa saa tatu. Ilibaki simu, na chini ya shimo simu haishiki. Wachimbaji wote huacha simu zao juu, kwenye mfuko wa Kasonde, mshika kamba, ambaye simu yake mwenyewe ni ya vitufe tu, haifungui mtandao. Keren alimpigia Kasonde mara nne kabla hajapokea, akamsihi amwite Fils. Wakangoja dakika kumi na mbili. Mzee alizihesabu kwa sauti, na Keren alitamani kumwambia anyamaze.

"Yaya, dada yangu, ni nini?" Fils alikuwa anahema. "Tuko na haraka huku."

"Tosha bantu mu shimo, batoke, mudogo wangu. Tafazali. Ukuta iko na ufa, Papa ameuona."

"Papa tena!" Fils alicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. "Mwaka jana Papa alitutosha mu shimo siku tatu nzima. Hakuna hata jiwe moya iliangukaka! Bantu bananicheka mpaka leo."

"Safari hii si Papa. Ni miye. Mi njo nilifuta ufa ku foto."

Upepo wa Kambove ulisikika kwenye simu.

"Ulifuta nini?"

"Ufa. Ilikuwa inaharibu karo. Nikaifuta."

"Yaya." Sasa Fils alisema polepole. "Jana bantu balilalamika, ati vumbi inaanguka. Kwanza balikatala kushuka. Nikafungua ukurasa yako, nikabaonyesha, nikasema: angalieni, hii ni foto ya Jumatatu, ukuta iko muzima. Njo bakashuka."

Keren alishika ukingo wa meza. Aliona aibu, akaona hofu, na hofu ikaimeza aibu. Kazi yake safi, ile aliyoiimbia, ndiyo iliyowarudisha watu chini ya jiwe.

"Enda uangalie wewe mwenyewe," alisema. "Nyuma ya ile gogo ya kushoto."

"Tulipanga masaki, magunia ya muchanga, pale jana, mpaka juu. Kuyatosha ni kazi ya siku muzima, na mununuzi anakuya saa nane." Fils alisita. "Tuma foto ya kweli. Nikiiona na macho yangu, nitabatosha. Bila foto, siwezi. Habatanisikia."

Picha ilikuwepo, na ilikuwepo kwa bahati tupu: kazi ilikuwa haijakabidhiwa. Keren aliituma kwenye simu ya Fils. Kwenye simu kukatokea alama moja ya kijivu, na alama hiyo ikakaa pale pale. Dakika mbili. Tano. Mtandao wa Kambove unabeba sauti kwa shida, seuze picha nzito kama ile. Mazungumzo nayo yakakatika.

"Imefika?" mzee aliuliza.

"Haijafika."

"Sasa?"

"Papa, haijafika! Nikuambie mara ngapi?"

Hakuwahi kumpigia baba yake kelele namna ile. Mzee hakukasirika. Alivuta kigoda, akakaa karibu naye, mikono katikati ya magoti.

Ndipo Keren alipojiuliza: kama picha haifiki, ukurasa ulifunguka vipi jana? Ulifunguka kwa sababu ya karo. Karo ni nyepesi. Ndiyo maana watu wanainunua. Kitu kidogo kama sahihi ya mtu kinavuka mtandao mbovu, kisha simu yenyewe inakipanga mpaka kinajaza kioo.

Akaanza kukata. Alikata kipande kile kile chenye ufa, akatoa rangi za bure, akaacha weusi wa jiwe, weupe wa ufa na tepe mbili za kijani ambazo hazikutani. Ukingo wa kulia hakuuunganisha na wa kushoto. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitengeneza karo ili mshono uonekane, na vidole vyake viliendelea kutafuta kosa la kurekebisha. Akaipa jina lile lile la karo ya zamani, akaituma kwenye ukurasa. Betri ilikuwa asilimia kumi na tisa. Alipoufungua ukurasa, nyuma ya majina ya wachimbaji kila mahali palikuwa ufa juu ya ufa.

Akamwandikia Kasonde ujumbe mfupi, ule wa maandishi matupu ambao hupita hata pasipopita kitu: *Mwambie Fils afungue ukurasa sasa.*

Kisha akaangalia pembeni, mahali pa kuhesabu wageni. Ukurasa ulikuwa haujatangazwa. Zaidi ya timu ile na Constantin hakuna aliyejua njia ya kuufikia, na kompyuta yake mwenyewe haikuhesabiwa. *Wageni wa leo: 0.*

Sifuri ilikaa. Mzee aliitazama kana kwamba anaweza kuisukuma.

*1.*

"Amefungua!" Keren aliruka. "Papa, amefungua!"

Simu ikalia papo hapo. Alikuwa Constantin. "Mama Keren, ni uchafu gani hii umeweka? Nimefungua sasa hivi, inaonekana sawa nyumba ya kubomoka! Mununuzi ataona hii? Rudisha ile ya jana!"

Kwa hiyo ile moja ilikuwa yeye. Keren alihisi machozi yakipanda kwa hasira. "Papa Constantin, ukuta ya Fils itaanguka. Ile ya jana ilikuwa uongo. Acha laini." Na akamkatia simu, mtu aliyekuwa bado hajamlipa hata nusu.

*2.*

Safari hii hawakushangilia. Ilibaki mbili, na mbili, na mbili. Dakika kumi na sita.

"Kama ni yeye, mbona hapigi?" Keren aliuliza.

"Ameshuka," mzee alisema. "Ameshuka na telefone mukononi, abaonyeshe. Ni miye ningefanya vile. Muntu wa mugodi hatoki ju ya kelele ya bantu ba juu. Anatoka akiona." Alisema hivyo kwa utulivu, kisha akafunika uso kwa viganja vyake.

Keren alikuwa amemtuma mdogo wake arudi chini ya ufa na ufa mkononi.

*3.*

Akaigusa namba kwa kidole, yeye asiyetaka kioo kiguswe. Walikuwa wanatoka! Anayefika juu anachukua simu yake kwenye mfuko wa Kasonde, na kitu cha kwanza anachofanya ni kufungua ukurasa, ajionee mwenyewe kile kilichomtoa. *4.* Mzee alisimama. *5*, na *6* ikaja juu yake. *7.* *8.* Hapo ikakwama kidogo, na Keren akamsikia baba yake akianza Salamu Maria, akaisahau katikati, akaianza upya. *9.* Kisha, baada ya muda mrefu, *10.*

Constantin mmoja. Fils mmoja. Na watu wanane.

"Bote bametoka," mzee alisema. "Fils?"

Keren alitikisa kichwa. Fils alikwisha kuhesabiwa tangu mwanzo. Awe juu, awe chini, namba ingebaki kumi. Alimpigia Kasonde, simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Betri ya kompyuta ilikuwa asilimia sita, na nje mtoto wa jirani alikuwa anaimba huku akifua, na Keren alimchukia kwa kuimba.

Simu yake ikalia. Jina lilikuwa la Kasonde. Sauti haikuwa ya Kasonde. Ilikuwa ya mtu anayekohoa vumbi.

"Yaya."

"Fils! Uko wapi?"

"Niko juu. Telefone yangu ilibaki chini." Akakohoa tena. "Niliiegemeza ku masaki, yenye kuwaka, bantu bapite bakiiona. Nilibatanguliza. Nilikuwa ku kamba, katikati... Yaya, masaki, gogo, byote. Hakuna shimo tena. Papa iko?"

Symphorien alipokea simu kwa mikono miwili. "Mutoto wangu," alisema. Akalia mbele ya binti yake, bila kujificha, mzee wa miaka sabini na moja. Keren akamkumbatia, na walikaa hivyo mpaka simu ikajikata yenyewe.

Mzee alipojifuta uso, hakwenda kutafuta chai yake. Alirudi kwenye kigoda, akavaa miwani.

"Fungua zingine."

"Zingine zipi, Papa?"

"Kambove ulikatia karo mu mashimo ngapi?"

Keren alifungua faili. Mashimo saba, na hili la leo likiwemo. Sita zilizobaki zilijipanga kwenye kioo, nyeusi, kijani, buluu, safi kabisa. Hakuna mshono hata mmoja. Mzee alisogeza pua kwenye ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alizitazama kwa uangalifu wote wa miaka yake thelathini na miwili.

"Minaona jiwe muzuri tu," alisema. "Foto ya kwanza iko wapi?"

"Nilizifuta." Keren hakuitambua sauti yake mwenyewe. "Zote, Papa. Nilizifuta."

Mzee hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alingoja tu, na Keren akafunga macho, akaweka mkono juu ya meza, akajaribu kuukumbusha mkono kazi zake. Ya kwanza, doa la kutu, hakuna kitu. Ya pili, kivuli cha taa. Ya tatu ni ya Mwansa. Ilimtoa jasho, ile. Kulikuwa na kimstari. Utepe wa kijani ulikatika, naye akaushika upande wa kushoto, akaupandisha.

Nukta tisa.

Kioo kikazimika; betri ilikuwa imekwisha. Keren alikuwa tayari ana simu sikioni.

"Mwansa? Ni yaya Keren. Uko wapi?"

"Yaya! Hapa ku shimo," Mwansa alisema kwa furaha, na nyuma yake kamba ilisikika ikikwaruza gogo. "Bananifunga kamba, minaanza kushuka."

"Usishuke."